Kimya cha Laini ya Nne

Nadine Ybarra alizima injini, akashusha kioo cha gari na kutega sikio. Mpelelezi wa maji anayeanza kwa macho huchelewa. Maji hupiga kelele kabla hayajaonekana: kwanza bomba hukohoa chini ya ardhi, kisha vichwa vya kunyunyizia huinuka kwenye nyasi na kuanza kufoka. Nadine alikuwa ameifanya kazi hiyo Calloway Flats kwa muda wa kutosha kujua, hata akiwa amefumba macho, kama bomba limepasuka, kama vali imekwama, au kama mwenye nyumba ni mwongo.

Ilikuwa Jumapili, jua halijatoka, na Mtaa wa Larkspur ulikuwa bado umelala. Siku nyingine za juma kumwagilia nyasi kuna zamu, ila Jumapili ni marufuku kwa wote, na hakuna siku ambayo maji yanaruhusiwa kutoka kwenye kiwanja cha mtu na kutiririka barabarani. Wageni wanaohamia Nevada huona ni ukali wa bure. Waache waone. Ziwa tunalokunywa limeshuka mpaka mashua zilizozama zamani zimeanza kuchungulia, na maji mengi ya majumbani huishia nje, kwenye nyasi, ambako jua huyanywa kabla mizizi haijaonja.

Mwisho wa mtaa kulikuwa na jamaa aliyekuwa amewasha maji yake waziwazi, bisibisi mdomoni, suruali imelowa hadi magotini. Nadine alikuwa amempita dakika chache nyuma na kumpungia mkono tu. Kanuni ilimruhusu: kuwasha maji kwa majaribio au matengenezo ni ruksa siku yoyote, mradi mtu awe amesimama palepale akitazama. Kosa ni maji yanayokwenda bila mtu.

Na nyumba aliyokuja kuilinda haikuwa na mtu. Ilikuwa ya Bi Verlene Kimsey, mjane aliyekaribia miaka themanini. Mara mbili majirani walikuwa wameripoti maji yake yakikimbia barabarani Jumapili alfajiri, na mara mbili amepewa onyo. La tatu lilikuwa na meno. Chama cha wakazi kilishapitisha kwamba atakayefikisha matatu atang'olewa nyasi zote za mbele na kumwagiwa kokoto, apende asipende. Marehemu mumewe, Merrill, alikuwa fundi wa mitambo ya kumwagilia, na hiyo ndiyo bustani aliyoijengea mkewe kwa mikono yake. Bi Verlene alikwenda ofisi ya maji na kofia yake ya kanisani, akaweka mikono miwili juu ya meza ya Nadine, akasema jambo moja.

"Binti, Jumapili sifungui maji. Sijawahi. Mtafute anayefungua."

Kila mtu mjini hapo husema hafungui maji, utadhani maji hujifungua. Lakini mikono ile ilikuwa imetulia, na Nadine aliondoka na neno hilo hadi nyumbani.

Bomba likakohoa.

Nadine aliinua simu na kuanza kurekodi. Vichwa vya chini ya dirisha la jikoni viliinuka, vikanyunyiza dakika mbili, vikazama. Hiyo ilikuwa laini ya kwanza, yaani vichwa vyote vinavyofunguliwa na vali moja. Baada yake ikaja ya pili, ile inayopakana na njia ya gari, na hapo ndipo uchafu ulipokuwa: kichwa cha kona kilikuwa kimevunjika, na badala ya kunyunyiza kilirusha mchirizi mnene uliopita juu ya saruji na kuingia kwenye mfereji wa barabara. Dakika mbili, kikafa. Ya tatu ikaamka kando ya nyumba, kwenye kipande chembamba cha nyasi, nayo ikafanya dakika zake na kulala.

Kisha pakawa kimya.

Nadine alidhani yamekwisha. Alishusha simu, akafungua mlango, akawa ameshaweka mguu mmoja chini. Ndipo akasikia mfoko mwingine nyuma ya nyumba. Dakika mbili tena, na sasa kweli yakaisha.

Alibaki vile vile, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Laini tatu zimefuatana bila kupumua. Halafu kimya cha urefu uleule wa dakika mbili. Halafu laini nyingine. Hakupenda kimya kile. Kilikuwa na kipimo.

"Umemnasa?"

Mzee Royce Tillery alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na gauni lake la kulalia, kikombe cha kahawa mkononi. Maisha yake yote alikuwa amegawa karata kwenye meza za kasino, na sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakazi, cheo alichokivaa kuliko hata gauni. Mbele ya nyumba yake hapakuwa na jani. Palikuwa na kokoto nyekundu, kaktasi tatu na benchi ambalo hakuna aliyewahi kulikalia.

"Za asubuhi, Mzee Tillery."

"Nzuri kama zako. Umeona mwenyewe. Mimi nikisema, watu wanasema Royce ana roho mbaya. Andika hilo la tatu tumalize."

"Wewe umeamka saa ngapi leo?"

"Naamka na jogoo."

"Mtaa huu hauna jogoo."

"Basi naamka na hasira." Alipiga funda la kahawa. "Unaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyeripoti, bibie."

"Ndiyo maana nakuuliza. Nyumba zote upande wako zina kokoto. Upande huu zimebaki hii na ile ya mwisho wa mtaa. Onyo la tatu likiandikwa, nani anafurahi?"

Royce alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Haya, nipekue! Unadhani nachutama usiku kwenye nyasi za mjane? Magoti haya? Nikichutama, uje na winchi."

"Mtu hahitaji magoti. Vali za maji ziko kwenye boksi pale ukingoni. Ukizungusha skrubu robo tu, maji yanafunguka, bila saa ya maji wala ufunguo."

"Basi fungua hilo boksi, uone kama kuna alama za vidole vyangu."

Nadine alikuwa anakwenda hukohuko. Alipiga goti kwenye nyasi, akachokoa kifuniko cha plastiki na kukiinua polepole, kwa sababu kila anayefanya kazi hiyo jangwani anajua nani hupenda kukaa humo. Alikuwepo, buibui mweusi mnene, doa jekundu tumboni, amening'inia kichwa chini. Utando wake ulikuwa umetandazwa kutoka skrubu ya vali ya kwanza hadi ya mwisho, una vumbi, una mabawa ya nondo wa siku nyingi. Hakuna uzi uliokatika.

Alirudisha kifuniko.

"Vipi?" Royce aliuliza.

"Shahidi wako ana miguu minane. Hakuna mkono ulioingia humu mwaka huu."

"Si nilikwambia?"

Na si vali mbovu, Nadine alijiambia. Vali yenye mchanga kooni huvuja mfululizo, mchana na usiku, haifungi kwa dakika. Kwa hiyo amri ilitoka kwenye saa ya maji, ile inayoziambia vali zifunguke lini. Nayo saa ilikuwa ndani ya banda la gari, na banda lilikuwa na kufuli.

"Mzee Tillery, wewe umeishi kwa kutazama mikono ya watu. Ya Bi Verlene ukiitazama, inakwambiaje?"

Royce alikuna kidevu. Hakupenda jibu lake mwenyewe, lakini alilitoa. "Imetulia. Ndilo linalonikera."

Bi Verlene alirudi kutoka ibada ya mapema jua likiwa limeshapanda. Nyasi zilikuwa zimekauka kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nadine alilitambua hilo pia. Mtu anayerudi saa hiyo hawezi kujua kwamba nyumba yake ilinyunyiziwa.

"Yametoka?" mama aliuliza kabla hajafunga mlango wa gari.

"Yametoka."

Alisimama akiwa ameshika sahani ya keki ya kanisani. "Basi naanza kuchanganyikiwa. Wenzangu wanasahau majina, mimi nasahau maji."

"Hujachanganyikiwa, Bi Verlene. Kila Jumapili huwa unasali ibada ya mapema?"

"Tangu Merrill afe. Ile ya pili wanakaa watu na familia zao. Benchi letu..." Aliacha hapo. "Ya mapema ina nafasi."

"Na zamani?"

"Zamani saa hizo nilikuwa kwenye ngazi ya mlango na kikombe changu. Kwa nini?"

"Nionyeshe saa ya maji."

Ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwake, pamoja na msalaba mdogo. Ndani ya banda kila kitu kilikuwa mahali pake: misumeno ukutani, makopo ya vichwa vya kunyunyizia yamepangwa kwa ukubwa, kofia ya Merrill kwenye msumari. Saa ilikuwa sanduku jeupe lenye kioo kidogo. Nadine aliipekua. Ratiba ya kwanza: Jumanne na Ijumaa, mizunguko mifupi ili maji yapate muda wa kuzama. Safi. Akaenda kwenye ratiba ya pili, ile inayojificha nyuma ya ya kwanza. Nusu ya mji hupigwa faini kwa sababu yake: mtu hupanga siku zake vizuri, asijue kwamba ratiba nyingine ya zamani bado inafanya kazi kisirisiri. Nadine alikuwa karibu na uhakika kwamba kesi ingefia hapo.

Ratiba ya pili ilikuwa tupu.

"Unakunja uso," Bi Verlene alisema.

"Ndivyo uso wangu ulivyo." Nadine alisogea. Kwenye kona ya sanduku kulikuwa na taa ndogo ya kijani, inapepesa. "Hii taa ni ya nini?"

"Inanijulisha kwamba saa iko hai."

"Una intaneti ndani?"

"Ipo. Naambiwa ipo. Mimi siitumii."

"Hutumii, lakini unailipia?"

Bi Verlene aliweka sahani ya keki juu ya meza ya mumewe na kuanza kuinyoosha karatasi iliyoifunika, ambayo haikuwa na mkunjo. "Iliwekwa. Nami sikutaka kuondoa kilichowekwa."

"Nani aliiweka?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi tu, binti. Mji huu una mafundi wangapi?"

Kwa mara ya kwanza mikono ile haikutulia. Nadine aliiona, akaiacha. Kuna wakati wa kumbana mtu na kuna wakati wa kumzunguka.

"Niambie kuhusu laini ya nne."

"Ya nne imekufa. Niliifunga mwenyewe, nikaiziba kwa kifuniko. Ilikuwa ya waridi."

"Waridi yako wapi?"

"Niliyang'oa. Yalikuwa yanakunywa kama ng'ombe." Alijaribu kucheka. "Mwaka wa pili sasa."

Nadine alivuta ndoo, akaigeuza, akamwonyesha mama akae. Yeye mwenyewe alibaki amesimama mbele ya saa.

"Nisikilize, halafu unisahihishe. Vali hazijaguswa kwa mkono, buibui ni shahidi. Banda lilikuwa na kufuli. Ratiba haina Jumapili. Kwa hiyo amri inakuja kwa hewa, kupitia hiyo taa. Kuna mtu ana simu, na simu yake inaifahamu saa hii. Umenielewa mpaka hapo?"

"Mwizi?"

"Mwizi wa maji gani anafungua dakika mbili? Dakika mbili hazilishi nyasi. Dakika mbili kila laini, kwa mpangilio, moja hadi tano, hivyo ndivyo fundi anavyokagua mtambo. Anawasha, anapita, anatazama kipi kimepinda, kipi kimeziba, anasonga mbele. Huyu mtu anakagua bustani yako kila Jumapili."

Bi Verlene aliinua macho kuitazama saa.

"Leo alipofika ya nne pakawa kimya. Dakika mbili nzima. Ameiwasha laini ya nne, Bi Verlene. Anayamwagilia waridi yako. Kwa hiyo anaijua nyumba hii ilivyokuwa, haijui ilivyo. Aliwahi kuwa hapa sana, na ana miaka miwili au zaidi hajakanyaga. Na saa anayochagua ni ile uliyokuwa unakaa kwenye ngazi na kikombe chako. Hajui kwamba umehamia ibada ya mapema. Fundi huyo anaitwa nani?"

Nje, gari lilipita. Mama alikuwa amekamata ufunguo wa shingoni kwa vidole vyote.

"Garth," alisema. Halafu akasema tena, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. "Garth. Mwanangu."

Ikatoka yote. Baba na mwana walifanya kazi pamoja, na kila Jumapili, kabla ya kanisa, waliwasha mtambo wa nyumbani kuukagua. Merrill alikaa kwenye saa akiita namba. Garth alitembea kwenye nyasi na bisibisi, akisafisha vichwa vilivyoziba na kulowa kama kuku. Yeye Verlene alikaa kwenye ngazi akiwacheka: pale kimepinda, pale kinaosha gari la jirani! Kisha Merrill akafa. Siku tatu baada ya maziko Garth akamwambia mama yake kwamba nyasi zile zing'olewe, na waridi, kwamba ziwa linakwisha na yeye amechoka kuuza wizi.

"Siku tatu, binti! Udongo wa baba yake haujakauka. Nikamwambia kama nyasi za baba yake ni wizi, aende mahali ambako nyasi hazimhitaji. Akaenda. Yuko Oregon, pwani kule, ambako mvua haijui likizo. Fundi wa kumwagilia, Oregon! Anaziba mapaa."

"Hamjaongea tangu hapo?"

"Nani aanze?" Alijifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Na alikuwa na haki, unajua. Ndilo linaloniua. Mwaka uliofuata niling'oa waridi mwenyewe. Nikapunguza nyasi za nyuma. Nilifanya kila alichosema, ila hizi za mbele sikuzigusa. Lakini sikumwambia. Nilingoja aje aone."

"Kichwa cha kona kilivunjika lini?"

"Lori la mizigo lilikikanyaga mwanzo wa kiangazi. Kila Jumanne nasema nitakibadilisha."

"Maonyo yalianza kiangazi hikihiki, kwa sababu ndipo maji yalipoanza kufika barabarani. Kabla ya hapo, dakika mbili zilikuwa zinakauka na hakuna anayejua." Nadine alisita. Alilisema kwa sababu lilikuwa kweli. "Huenda amekuwa akifanya hivi tangu alipoondoka."

Bi Verlene aliegemea ukuta, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Jumapili zote hizo mwanawe alikuwa akimbishia hodi, na yeye yuko kanisani amekaa benchi la nyuma.

Nadine aliigeukia saa. Kesi ilikuwa imefumbuka, na hakuona raha yoyote. "Sheria inanitaka nihakikishe chanzo kimeondolewa. Nina mpaka Jumapili ijayo kuandika au kutoandika onyo la tatu. Ona hiki kitufe. Ukikishikilia, saa inasahau simu zote. Hakuna tena Jumapili. Nyasi zako zitabaki."

Mama aliinuka. Alikisogelea kitufe, akanyoosha kidole, na kidole kikabaki hewani. Nadine alikuwa ameona watu wakikataa kuzima maji kwa ukaidi, kwa ubahili, kwa kiburi cha fedha. Huyu hakuwa mmoja wao.

"Nikikibonyeza," Bi Verlene alisema, "yeye ataona nini?"

"Ataona kwamba amefungiwa mlango."

Kidole kilirudi. "Basi wang'oe nyasi."

"Bi Verlene..."

"Wang'oe! Waweke kokoto, waweke na hilo benchi la Royce. Nyasi si Merrill. Mtoto wangu anapita hapa kila Jumapili, nimfungie?"

Nadine aliangalia kofia kwenye msumari. Kisha akamkumbuka yule jamaa mwisho wa mtaa, bisibisi mdomoni, suruali imelowa.

"Nyasi zikiondoka, mtambo unaondoka, na yeye hana tena pa kubisha," alisema. "Usiwe na haraka. Merrill alikuwa na koleo dogo?"

Walichimba pamoja kuzunguka kichwa cha kona. Nadine alikifungua, akatoa udongo kooni mwa bomba kwa kidole, akaiacha laini itapike maji machafu kidogo kwenye ndoo. Bi Verlene alichagua kichwa kipya kutoka kwenye makopo ya mumewe bila hata kusoma kipimo. Wakakiskrubu, wakakigeuza uso kielekee nyasi na kuipa mgongo barabara. Royce alitazama kutoka kwenye benchi lake, ambalo siku hiyo lilikaliwa kwa mara ya kwanza.

"Sasa," Nadine alisema akipangusa magoti, "majaribio ni ruksa siku yoyote, mradi kuna mtu amesimama anatazama. Jumapili ijayo usiende kanisani."

"Nimwambie nini Mungu?"

"Mwambie unakagua mtambo."

Jumapili iliyofuata Nadine alifika kabla ya jua, akaegesha palepale. Bi Verlene alikuwa ameshatoka. Amevaa viatu vya mvua vya Merrill na koti juu ya gauni la kulalia, amesimama katikati ya nyasi na kikombe mkononi. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na saa ilionekana kutoka nje.

Walingoja. Nadine alijua kungoja ni sehemu ya kazi, lakini asubuhi ile hakukuweza. Alitoka garini akasimama kwenye mlango wa banda. Kama amechoka? Kama ameacha, Jumapili hii hii?

Bomba likakohoa.

Ya kwanza iliinuka na kumlowesha mama hadi kiunoni, na yeye hakusogea. Ya pili ikaja, na kichwa kipya kikafanya kazi yake, hakuna tone lililogusa saruji. Ya tatu. Kisha kimya, na kwenye kioo cha saa ikawaka namba nne.

Bi Verlene alikuja mbio kwa kadiri viatu vile vilivyomruhusu. Alisimama mbele ya saa, akaitazama ile namba kama mtu anayetazama picha. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Nne ikazimika.

"Ameona?" alinong'ona.

"Ameona. Simu yake imemwambia kuna mtu amesimamisha kwa mkono."

Hakikutokea kitu. Jogoo wa mtu fulani, kumbe mtaa ulikuwa naye, aliwika mbali. Kisha nne ikawaka tena.

"Anauliza," mama alisema, sauti imekatika. "Anaulizia waridi."

Akaisimamisha tena. Halafu kwa kidole kilekile kilichokataa kufunga mlango, akabonyeza moja. Nje, chini ya dirisha la jikoni, maji yaliinuka. Sekunde chache yakazama: yalikuwa yamezimwa kutoka Oregon. Mama akawasha. Kule Garth akazima. Mama akawasha tena, na mara hii Garth akayaacha yaende.

Simu ikalia jikoni.

Bi Verlene alipita kwenye nyasi, kwenye maji yenyewe, kikombe kimemponyoka, akaacha mlango wazi nyuma yake. Nadine alisikia kila neno, kwa sababu mama huyo alipiga kelele kama watu wa umri wake wapigavyo wakiongea na mbali.

"Garth! Laini ya nne imekufa, mwanangu, usiipotezee muda! Niliyang'oa waridi! Niliyang'oa kama ulivyosema!" Kisha sauti ikashuka, na kilichofuata hakikuwa cha masikio ya mpelelezi.

Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Royce Tillery alitoka na gauni lake, simu ameinua mbele ya uso, anarekodi.

"Haya, bibie! Jumapili! Maji yanakwenda na hakuna mtu! Sheria si inasema lazima mtu awe amesimama?"

Nadine aliyatazama maji, akautazama mlango wa jikoni. Angeweza kuyazima kwa kitufe kimoja. Badala yake alitoka bandani, akakanyaga nyasi na kwenda hadi katikati, pale mama alipokuwa. Baridi ilimpenya viatuni, ikapanda kwenye soksi.

"Yupo mtu, Mzee Tillery," alisema. "Mimi nimesimama."